Ushauri: barua za manusura wa Titanic zinapingana, niamini ipi?

Mdadisi
Wakuu, naomba msaada. Naandika makala kuhusu kuzama kwa Titanic, Aprili 1912. Manusura wengine walisema meli ilikatika vipande viwili, wengine walishikilia kwamba ilizama nzima. Nimeegemea barua walizowaandikia ndugu zao, maana anayemwandikia mama yake hana sababu ya kudanganya. Niko sahihi?

Msomanyaraka
Mkuu, sababu anayo, tena kubwa: hataki mama apate mshtuko. Atapunguza hofu, pengine ajikweze kidogo. Barua ya siri nayo ina msomaji, na huyo ndiye wa kumchunguza kwanza.

Tazama pia iliandikiwa wapi. Manusura walikaa pamoja ndani ya Carpathia, meli iliyowaokoa, hadi kufika New York usiku wa tarehe 18, na bila shaka walisimuliana. Barua ya humo inaweza kuchanganya ya kuona na ya kusikia, kwa mwandiko uleule. Barua tatu zinazofanana huenda zote zimetoka kwenye mdomo mmoja.

Baharini
Na usipumbazwe na cheo. Lightoller, afisa wa pili, aliiambia tume ya Uingereza iliyochunguza ajali hiyo kwamba meli haikukatika, na tume ikakubali hivyo. Jack Thayer, kijana wa miaka 17, alisema ilikatika. Mabaki yalipopatikana mwaka 1985, yalikuwa vipande viwili. Cha kushangaza, wote wawili waliokolewa juu ya boti ileile iliyopinduka!

Mdadisi
Kwa hiyo Lightoller nimtupe?

Msomanyaraka
Hapana, tafadhali! Usimpime shahidi kwa jumla, pima kauli moja moja. Alisimamia boti za upande wa kushoto, kwa hiyo aliyoyaona pale yana uzito. Kuhusu mwisho wa meli, alikuwa kwenye maji ya barafu, usiku usio na mwezi, taa za meli zimezimika. Kila kauli iulize: alisimama wapi, aliona kwa mwanga gani, angepoteza nini kwa kuisema?

Hilo la mwisho mimi nalithamini kuliko yote. Mwaka 1935 Lightoller aliandika mwenyewe kwamba mbele ya tume alikuwa akijitahidi kuikinga kampuni yake na lawama. Maneno hayo yalichelewa miaka 23, lakini yangeweza kumgharimu heshima. Katika suala la tume, nayaamini kuliko barua yoyote ya wiki ile.