Nimempa zawadi ya Krismasi iliyosukwa kwa mkono, ananiuliza risiti iko wapi!

Wakuu, naandika nikiwa kwenye ngazi za ofisi, sahani ya sherehe sijaigusa na mikono inatetemeka. Sina haja ya kumtaja jina. Ni yule yule. Yule wa uzi wa pilau, yule aliyeipima kwa rula keki ya kumuaga mstaafu. Mnamjua.

Leo tumefungua zawadi za rafiki wa siri. Tulichomoa vikaratasi mwezi uliopita, kiwango kikawekwa shilingi 50,000, na Mungu kwa kunijaribu akanipa jina lake. Mwingine angekimbilia Kariakoo akabeba zile glasi sita ambazo kila nyumba ya nchi hii inazo kabatini na hakuna anayezinywea. Mimi nikakaa nikamfikiria mtu. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku Juni 2019, huyu mtu kila Jumatatu anatusomea taarifa ya mfuko uliomchanikia sokoni nyanya zikatapakaa. Nikasema basi, nimtafutie kikapu cha kumfikisha uzeeni. Kahawa anamaliza chupa nzima peke yake kabla ya saa nne, nikasema nimuongezee kahawa na asali.

Kikapu nimeagiza Iringa, cha majani ya milulu, kwa mama anayesuka mwenyewe nyumbani kwake. Milulu inakatwa bondeni, inaanikwa, inatiwa rangi, ndipo mama akae kitako asuke, na hapo shamba linamsubiri na watoto wanamsubiri. Elfu 28. Nimetuma kwenye simu ya binti yake, kikapu kikapakiwa kwenye basi, nimekifuata stendi ya Mbezi Luis alfajiri watu wamelala. Asali nimechukua kwa kijana wa Sikonge anayeuza kwa oda, asali ya Tabora yenyewe, ya miombo. Kahawa ya Mbinga, kuna dada Goba anakaanga kidogo kidogo jikoni kwake. Watu watatu, kila mmoja kaweka mkono wake pale ndani!

Kafungua. Akakishika kwa vidole viwili kama kashika panya aliyekufa. Akakigeuza chini juu kutafuta nembo. Akakinusa. AKAKINUSA, wakuu! Halafu mbele ya meneja, mbele ya wageni, mbele ya mlinzi aliyeingia kuchukua soda yake, akasema: "Risiti iko wapi nikabadilishe?"

Risiti. Iko. Wapi. Nikabadilishe.

Akabadilishe wapi? Apande basi mpaka Iringa, amkute mama yuko shambani, amwambie mama chukua milulu yako nipe blenda? Nimesikia joto shingoni mpaka kiyoyozi cha ofisi kikasalimu amri. Watu wamecheka. Meneja kacheka! Na zawadi aliyotoa yeye mnaijua? Kikombe chenye mnara wa Paris, stika ya bei imeganda chini: 3,500. Kiwango tulisema 50,000. Anayenusa kikapu cha watu ndiye huyo.

Mama wa watu Januari ana sare za shule na madaftari. Hiyo elfu 28 anaijua kazi yake. Halafu mtu mzima ananusa na kuuliza risiti. Sirudi mle ndani.

Bonge la Sinza
Uzi bila picha ni majungu. Weka picha ya kikapu.

Kiti cha Mbele
Nimeshakaa. Mwenye karanga apitishe.

Mwana wa Kihesa
Mkuu umenigusa penyewe. Milulu mipya lazima inukie majani, ndiyo milulu hiyo! Unakiweka kivulini upepo ukipitie, harufu inaondoka. Bibi yangu kabebea unga kikapu kimoja tangu sijaanza shule na bado kipo. Huyo mtu wenu akienda Iringa mpelekeni Neema Crafts, wapo tangu 2003, waliowengi pale ni mafundi wenye ulemavu, wanatengeneza mpaka karatasi kwa kinyesi cha tembo. Akanuse na hiyo.

Kinyozi wa Buza
TRA wanatuambia ukinunua dai risiti. Huyu hajanunua, kapewa, na bado anadai. Apewe cheti cha uzalendo.

Mhasibu Mstaafu
Tuwekane sawa kwenye jambo la risiti. Mjasiriamali ambaye mauzo yake ya mwaka hayafiki shilingi milioni 11 halazimiki kuwa na EFD, ile mashine ya kutolea risiti. Kwa hiyo huyo mama wa vikapu hana kosa lolote. Angeweza hata kuandika kwa mkono.

Mwenye uzi
Mzee wangu shikamoo, nakuheshimu, lakini sikuja hapa kwa ajili ya EFD. Aliuliza risiti ya ZAWADI. Alikinusa kwanza, halafu akauliza risiti.

Kinyozi wa Buza
Kwani kilikuwa kinanuka nini hasa? Tuanzie hapo.

Bonge la Sinza
Picha bado.

Dada wa Tabata
Mimi nitasema ukweli mnichukie. Mtu ukimpa kikapu anajua umemtuma sokoni. Ungempa kanga. Hakuna mwanamke anayerudisha kanga, na jina la kanga lingemtukana vizuri kwa niaba yako.

Mwenye uzi
Dada, anazo kanga sanduku zima na zote alizopewa anazisema. Nilimfikiria! Nyanya zake ndizo zinazomwagika, si zangu!

Mama Kulwa
Poleni wote, ila na hawa wajasiriamali wadogo mnaowatetea wamenichosha. Unaona kitu kizuri mtandaoni, unauliza bei kiungwana, "njoo inboksi dada". Inboksi kuna nini, kuna malaika? Nikaagiza batiki ya kumpa mama mkwe, kwenye picha bluu ya bahari, imefika zambarau ya msiba. Nimelalamika, nikaambiwa ni mwanga wa simu yangu.

Mchoraji wa Mitaani
Mama Kulwa usitupake wote. Nachora picha za tingatinga, nimefundishwa na waliofundishwa Morogoro Stores, pale Oysterbay. Tangu Mzee Edward Said Tingatinga afariki 1972 kazi hii imelisha familia nyingi. Mteja anakuja Desemba, nataja elfu 40, ananiambia "nifanyie elfu 10, si ni rangi tu hiyo". Akitoka hapo anaingia duka la vioo na kiyoyozi, anachukua picha ya kuchapwa kwa laki, analipa akitabasamu. Mmoja kaniambia nimpe moja bure atanitangaza kwa rafiki zake. Rafiki zake nao wamekuja wanataka za bure.

Mwana wa Kihesa
Hii ndiyo inayoua. Bei ya ushikaji. Mshikaji wa kweli analipa bei kamili halafu anaacha chenji.

Mwenye uzi
Nililipa bei kamili. Sikuomba hata mia ipungue. Na bado nikaulizwa risiti iko wapi nikabadilishe.

Kiti cha Mbele
Tumeelewa mkuu.

Mama Kulwa
Na mafundi cherehani je? Mbona hawatajwi? Vitambaa vya Krismasi vya watoto nimepeleka Oktoba. OKTOBA. Nimepita juzi, havijakatwa, kavikalia. Ameweka mto juu na kavikalia! Naambiwa umeme.

Fundi wa Mbagala
Mimi ni fundi na leo naongea. Wanaoleta Oktoba ni wachache kama mvua ya Dodoma. Wengi wanakuja tarehe 20, kitambaa mita mbili, mtu mwenyewe wa mita tatu, anataka mshono aliouona kwenye harusi ya tajiri, na kesho asubuhi aipitie. Malipo baada ya sikukuu. Baada ya sikukuu namba haipatikani. Kabatini kwangu kuna magauni ya Krismasi tatu zilizopita.

Dada wa Tabata
Fundi uza hayo magauni, mimi nachukua mawili.

Mama Kulwa
Fundi wa Mbagala, usimtetee fundi wangu, hata pasi yangu ya mkaa niliyomwazima kipindi cha umeme hajarudisha.

Bonge la Sinza
Mwenye uzi, picha. Na kama kikapu hakitakiwi mimi nakichukua pamoja na asali.

Mwenye uzi
Asali kaondoka nayo. Kahawa pia. Kikapu kakiacha kwenye kiti. Risiti anayoitaka ni ya kikapu tu.

Kinyozi wa Buza
Hapo kaupiga mwingi.

Dume la Rombo
Nyie mnalilia vikapu, wenzenu tunalilia siti. Tarehe 22 Desemba, Dar kwenda Moshi, nimetajiwa nauli nikadhani nanunua basi. Nauli elekezi ya LATRA, wasimamizi wa usafiri, imebandikwa ukutani nyuma ya kichwa cha huyo huyo anayenitajia, na kainamisha kichwa makusudi isionekane. Ndafu wa mzee tayari kalipiwa. Mbege imeshaanza kupikwa. Nisipofika watanitangazia kifo.

Mwana wa Kihesa
Treni ya Moshi si ilirudi?

Dume la Rombo
Ilirudi Desemba 2019, niliipanda, tuliimba mpaka sauti zikatuisha. Safari hii nimechelewa kutafuta tiketi, na mimi ni wa Tarakea, nikishuka Moshi bado nina mlima wa kupanda. Tumepata Noah ya mtu binafsi, tunachangia mafuta. Zimebaki siti mbili.

Kiti cha Mbele
Noah ya siti ngapi na mko wangapi? Wachagga mnajulikana.

Mhasibu Mstaafu
Hakikisheni ina bima na dereva hajakesha. Safari za usiku Desemba si za kuchezea.

Mwenye uzi
Jamani uzi wangu. Alikinusa, akauliza risiti, mbele ya mlinzi!

Dada wa Tabata
Dume la Rombo, mbuzi wa kununua anapatikana wapi huko, bei zikoje?

Mama Kulwa
Nimempigia fundi wangu sasa hivi, nasikia ng'ombe wanalia nyuma. Yuko kwao Tarakea tangu mchana. Dume la Rombo, siti moja ni yangu.