Mjadala: Kima cha chini cha mlinzi kinavunjwa kwenye bei ya lindo

MTOA MADA

Ndugu zangu, tangu Serikali itangaze kima cha chini kipya cha mshahara kwa sekta binafsi, ambacho kilianza tarehe 1 Januari 2026 na kupandisha wastani kutoka shilingi 275,060 hadi 358,322 kwa mwezi, nimesikia hoja mbili zikirudiwa. Wafanyakazi wanasema nyongeza haitoshi, na waajiri wanasema itawalazimu kupunguza watu. Naomba tuitazame sekta moja tu, ya ulinzi binafsi, kwa sababu nilikuwa mhasibu wa kampuni ya ulinzi jijini Dar es Salaam kwa miaka minne, na niliyoyaona kule hayamo katika hoja hizo mbili. Msimamo wangu ni kwamba mshahara wa mlinzi huamuliwa siku mteja anaposaini bei ya lindo, yaani kiasi anachoilipa kampuni kwa mwezi ili mahali pake palindwe, na sheria isiyomgusa mteja itaendelea kuvunjwa hata kima kikipandishwa kila mwaka.

Nianze na hesabu, kwa viwango vya amri ya mwaka 2022 ambavyo ndivyo nilivyovifanyia kazi. Kampuni kubwa na za kimataifa zilitakiwa kumlipa mlinzi shilingi 222,000 kwa mwezi, na kampuni ndogo, kama ile yetu, shilingi 148,000. Kiasi hicho hakikuwa malipo ya mwezi mzima wa kukesha, kwa sababu Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka ukomo wa saa 45 za kawaida kwa wiki, ambazo kwa mwezi ni saa 195. Kwa hiyo kila saa ya mlinzi wetu ilikuwa na thamani ya shilingi 759, na kila saa inayozidi zile 45 ilipaswa kulipwa mara moja na nusu.

Sasa lindo la usiku na mchana lina saa 168 kwa wiki. Ukizigawa kwa 45 unapata walinzi wanaokaribia wanne. Sisi tulikuwa tukiweka wawili: mmoja anaingia saa kumi na mbili asubuhi, mwenzake saa kumi na mbili jioni, siku zote saba, na kila mmoja anafikisha saa 84 kwa wiki. Kwenye hati ya mshahara ilisomeka 148,000, ikatosha kumridhisha yeyote anayekagua karatasi. Lakini ukigawa fedha hiyo kwa saa ambazo mtu amesimama getini, inakuja kama shilingi 407 kwa saa. Kima cha chini kilikuwa kimetimizwa kwa mwezi na kuvunjwa kwa saa.

Kuna baba mmoja, mlinzi wa ghala, ambaye siku ya mshahara alikuja mezani kwangu na daftari dogo la mistari lililokunjika pembe. Alikuwa ameandika kwa kalamu ya bluu kila usiku alioingia lindoni, mstari kwa mstari, na usiku ulikuwa 29. Hati yake ilionyesha 148,000, makato ya NSSF 14,800, makato ya sare 15,000, na mkononi 118,200. Akaniuliza kwa upole, "Dada, kwani saa za usiku huwa hazihesabiwi?" Nilipiga hesabu mbele yake: usiku 29 ni saa 348, ukiondoa 195 zinabaki 153, na malipo yake kwa mara moja na nusu ni karibu shilingi 174,000, mbali na nyongeza ya asilimia 5 ambayo sheria inaitaka kwa kila saa ya kati ya saa mbili usiku na saa kumi na mbili asubuhi. Alikuwa anadai zaidi ya mshahara wenyewe. Safu ya saa za ziada ilikuwapo kwenye jedwali langu, na ilikuwa tupu kwa walinzi wote. Sikuwa na fedha ya kuijaza, kwa sababu fedha hiyo haikuwahi kuingia katika kampuni.

Haikuingia kwa sababu lindo la usiku na mchana tulikuwa tukiliuza kwa shilingi 420,000 kwa mwezi kabla ya VAT. Walinzi wawili, pamoja na mchango wa mwajiri NSSF wa asilimia 10, tozo ya ufundi stadi ya asilimia 3.5 na asilimia 0.5 ya Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, walitugharimu 337,440. Wanne wangetugharimu 674,880. Nilipoandaa bei ya wanne kwa ajili ya zabuni ya ofisi moja ya umma, mkurugenzi wangu aliirudisha akisema kwa bei hiyo hatutampata mteja, na zabuni ikachukuliwa na kampuni iliyokuwa chini hata yetu. Ofisi ile ilikuwa na wahasibu na wanasheria wake. Ilipokea bei ambayo haiwezekani kihesabu bila kuvunja sheria, ikaipa ushindi kwa kuwa ndiyo ya chini.

Napendekeza mambo mawili. Kwanza, zabuni yoyote ya umma ya ulinzi ambayo bei yake haifiki gharama halali ya mshahara na michango itupwe kabla ya kulinganishwa na nyingine. Pili, mteja awajibike pamoja na kampuni kwa mshahara ambao haukulipwa katika lindo lake. Naomba mnikosoe.

MCHANGIAJI WA KWANZA, MWENYE KAMPUNI NDOGO YA ULINZI

Dada yangu mtoa mada, hesabu yako ni sahihi na imeniuma, kwa sababu ni hesabu ya kampuni yangu pia. Lakini umeandika kama mtu aliyekaa upande wa vitabu. Mimi nikae upande wa kutafuta malindo.

Mteja binafsi, mwenye duka la vifaa vya ujenzi au nyumba ya kupangisha, ukimpelekea bei ya 675,000 hakujibu. Anamchukua kijana kutoka kijijini kwao, anampa chumba cha nyuma, rungu na tochi, na anamlipa anachokiona yeye. Kijana yule hana NSSF, hana fidia akiumizwa na wezi, na hakuna afisa kazi atakayemgusa, kwa kuwa hata hajulikani kama ameajiriwa. Mteja mwenye uwezo zaidi anafunga kamera na uzio wa umeme, anabakiza mlinzi wa usiku tu. Katika hali zote mbili, kuna mlinzi mwenye sare na michango anayerudi nyumbani. Kwa hiyo tusiseme kwamba hoja ya kupungua kwa ajira ni kisingizio cha matajiri. Mimi nina walinzi 60, nawajua kwa majina, na ninajua ni nani atakayekuwa wa kwanza kuondoka.

Kuhusu taasisi za umma, umegusa nusu ya tatizo. Nusu ya pili ni kuchelewa kulipa. Nimewahi kulipa mishahara ya miezi minne kwa mkopo nikisubiri ankara ya taasisi moja, na riba ya mkopo ule imekula faida ya mwaka mzima. Hata bei ikiwa halali, fedha isipokuja kwa wakati mlinzi hatalipwa kwa wakati.

Mwisho, hilo la bei ya chini ya lindo lina hatari. Tukikaa sisi wenye kampuni tukakubaliana kwamba hakuna kuuza chini ya kiasi fulani, Tume ya Ushindani itatuita tukajieleze, na itakuwa na haki.

MCHANGIAJI WA PILI, ALIYEWAHI KUWA MLINZI

Nimesoma kwa makini na ninawashukuru wote wawili, ila naona mnatuhesabu kwa saa kama vile tunaishi mlangoni pa lindo. Mkisema walinzi wanne na saa 45 kwa wiki, naelewa mnataka shifti tatu za saa 8 kila moja, na maana yake kuna mtu atatoka saa nne usiku na mwingine atapaswa kuingia saa hiyohiyo. Atapata daladala wapi kutoka Kivule au Chanika? Tulipojaribiwa shifti tatu katika lindo moja la kiwandani, wenzangu wawili waliomba wenyewe warudishwe kwenye shifti ya saa 12, kwa sababu nauli iliongezeka, kwa idadi ya siku za kusafiri, na usingizi haukuongezeka.

Na kuhusu kudai haki, madai ya kuachishwa kazi yanatakiwa kufika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30, na madai mengine ndani ya siku 60. Ukiwa bado kazini unaogopa kudai. Ukishatoka, saa za ziada za miaka mitatu unazisimulia tu. Yule baba mwenye daftari alifanya jambo ambalo wengi wetu hatukulifanya, na bado hakulipwa.

MTOA MADA

Nawashukuru sana. Nianze na kaka aliyekuwa mlinzi, kwa sababu amenirekebisha. Sikupaswa kuacha picha kwamba dawa ni shifti ya saa 8. Sheria yenyewe inaruhusu, kwa makubaliano ya maandishi, mtu afanye hadi saa 12 kwa siku bila kuhesabiwa saa za ziada, ilimradi siku zisizidi tano kwa wiki na saa za kawaida zisizidi 45. Walinzi wanne wakizungushwa kwa shifti za saa 12 katika lindo moja, kila mmoja anapata wastani wa saa 42 kwa wiki. Wanabadilishana asubuhi na jioni kama walivyozoea, wakati magari yapo, na kila mmoja anapumzika karibu nusu ya siku za mwezi. Gharama ni ileile ya walinzi wanne niliyoitaja.

Kwa ndugu yangu mwenye kampuni, suala la Tume ya Ushindani nalikubali, na ndiyo maana sitaki kampuni zikae zipange bei. Afrika Kusini, mamlaka inayosimamia ulinzi binafsi, PSIRA, huchapisha jedwali la mfano linaloonyesha gharama ya mlinzi mmoja kipengele kwa kipengele, kuanzia mshahara wa msingi hadi likizo na sare, na mnunuzi anaweza kuliweka kando ya bei aliyoletewa akaona kilichorukwa. Jedwali kama hilo likitolewa na Wizara yenye dhamana ya kazi kila amri mpya inapotangazwa, kampuni zitaendelea kushindana kwa usimamizi, doria, vifaa na faida yao. Hazitashindana kwa jasho la mlinzi. Mkataba Na. 94 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1949, ulihusu jambo hili hili: kwamba fedha ya umma isinunue kazi kwa masharti yaliyo chini ya yale yanayokubalika katika sekta husika. Na hapohapo ndipo kuchelewa kwa malipo kunapoingia, kwa kuwa taasisi inayowajibika pamoja nawe kwa mshahara wa mlinzi itakuwa na sababu yake yenyewe ya kulipa ankara mapema.

Kijana wa chumba cha nyuma ndiye anayenisumbua, na sitaki kujifanya nina jibu lake. Unasema kweli kwamba kima kikipanda na mteja binafsi asiguswe, baadhi ya walinzi wataishia katika hali kama ya kijana huyo. Ndiyo sababu nataka tuanze na malindo ya umma, ya benki, ya viwanda na ya kampuni za simu, ambako mteja hawezi kumwachia ghala au mnara kijana asiye na mafunzo wala bima. Huko bei inaweza kupanda bila lindo kufutwa. Kwa mwenye duka la vifaa vya ujenzi sijui kama inawezekana, na ningependa kusikia kutoka kwako, wewe unayeyatafuta malindo hayo: mteja wa aina hiyo, akiambiwa alipie mlinzi wa usiku peke yake kwa saa zake zote halali, yaani watu wawili wanaopokezana, angeishia kulipa kiasi gani kabla ya kukukatalia?