Tupeane uzoefu: daktari aliwahi kukuuliza "mgonjwa mwenyewe angetaka nini?"

kitindamimba: Jirani yangu kalazwa leo nikakumbuka yetu. Mzee alipata kiharusi akawa haongei, daktari akatuita koridoni, akizidiwa tumweke kwenye mashine ya kupumulia au tumwache? Tuko wanne tunatazamana. Dada anasema fanyeni kila kitu, mi nasema mzee kachoka, kaka analia tu. Miaka yote tunakula naye hakuna aliyewahi kumuuliza. Tukasaini, akakaa siku 11, mikono imefungwa asichomoe mipira, machozi yanamtoka pembeni. Mpaka leo sijui yalikuwa maumivu au alikuwa ananiambia nimwache. Na dada hatuongei vizuri tangu siku ile.

mamaD: Pole sana. Kwetu hivyo hivyo.

mja: Kupanga hayo ni kukiita kifo. Uhai wa Mungu.

mamaD: @mja mbona wosia wa mali mnaandika? Huo hauiti?

mja: Mali sio roho, usinichanganyie.

nesi_wa_zamu: Ngojeni kwanza. Kukataa kushtuliwa moyo ukishasimama SIO kukataa matibabu, dawa za maumivu na usafi vinaendelea. Kwa mzee mwenye mifupa dhaifu kule kukandamizwa kifua mbavu huvunjika mara nyingi. Wapo wanaopona, simwambii mtu akatae, ila ajue anachagua nini.

bk: Andika unachotaka ukizidiwa, saini, tafuta mashahidi, basi.

tulizo: Karatasi haiwezi kukisia kila ugonjwa. Chagua mtu MMOJA wa kukusemea, na si lazima awe mtoto wa kwanza, awe yule anayeweza kusema ulichotaka wewe hata kama yeye kinamuuma.

bk: Na huyo mmoja wakimzidi nguvu ndugu? Maandishi kwanza.

mwanababa: Baba aliandika vizuri kabisa, akaifungia kabatini, yuko ICU ufunguo haujulikani ulipo. Gaweni kopi jamani.

tulizo: Na msidhani ni ya wazee. Terri Schiavo wa Marekani alianguka 1990 ana miaka 26 akabaki hajitambui, hakuacha maandishi, mume na wazazi wake wakaburuzana mahakamani miaka mpaka mpira wa chakula ukatolewa Machi 2005.

kitindamimba: Nimemtumia dada meseji, nikizidiwa yeye ndo anisemee. Kasoma, hajajibu. Nesi, mtu akibadili mawazo je?

nesi_wa_zamu: Ruksa muda wowote akili ikiwa timamu. Weka tarehe, na kopi za zamani kusanya zote uzichane.