Fangasi kwenye lenzi: kabati la umeme au kontena na silika jeli?

korosho_studio (Mtwara): Wakuu, jana nimetoa lenzi yangu ya 50mm kwenye begi, nikaimulika kwa tochi ya simu kutokea nyuma. Kioo cha ndani kina nyuzi kama utando wa buibui. Begi lilikaa chini ya kitanda tangu harusi ya Januari, mvua zote hizi. Picha bado zinatoka safi, ila roho inauma. Nataka kunusuru mbili zilizobaki. Wa pwani mnatumia nini?

babu_kontena (Mikindani): Kontena, mkuu. Mwaka wa nne huu natumia lile la chakula, lenye mpira kwenye mfuniko na klipu nne. Ndani naweka silika jeli, zile punje za kunyonya unyevu, za rangi ya chungwa, kama kikombe kimoja, na kipima unyevu kidogo cha betri. Nalenga asilimia 40 hadi 50. Kikianza kukaribia 60 nazitazama punje: zimeshageuka kijani, yaani zimeshiba maji. Hapo ni oveni, nyuzi 110, saa mbili tatu mpaka rangi irudi. (Mama watoto kashanikataza trei yake ya keki.) Ikishuka chini ya 30 natoa punje kidogo, maana ukavu ukizidi nao hauzipendi grisi na mpira wa lenzi.

dada_harusi (Lindi): Mimi nina kabati la umeme, lile linalokausha hewa ndani yake lenyewe. Nimeliweka unyevu asilimia 45, nimelisahau. Umeme ukikatika usiku sina presha. Nisipofungua mlango, unyevu unapanda taratibu sana. Ila ninazo lenzi tisa. Kwa mbili, kaka, hela hiyo kanunulie lenzi.

kijana_wa_msimbati: Mchele je? Nasikia unanyonya maji.

babu_kontena: Mchele pika, ule. Unga wake ndio futari ya fangasi.

fundi_wa_zamani: Sisi tulikuwa na kabati la mbao na balbu ya wati 25 chini, inawaka usiku na mchana. Ndani kukipata joto, unyevu unashuka. Msiige kwa balbu ya LED, hiyo haina joto la maana. Na mikoba ya ngozi tupeni huko, ngozi yenyewe inaota ukungu.

Sasa hiyo 50mm. Jua linawadhoofisha fangasi, ila nyuzi hazitoki zenyewe, na lenzi ukiiacha juani bila kuiangalia inaweza kuwasha kitambaa cha meza. Mpe fundi aifungue, afute kwa spiriti ya isopropili au haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3. Usichelewe. Fangasi wanatoa asidi; ikishakula ule utando wa rangi juu ya kioo, alama haifutiki hata kwa dawa gani.

dada_harusi: Nyongeza: ukitoka ukumbi wenye AC, acha kamera ndani ya begi lililofungwa kama nusu saa. Ukiitoa ghafla nje, lenzi inatoka jasho.

korosho_studio: Nimepata kontena sokoni. Nimetia tishu ndani, nikalizamisha kwenye ndoo ya maji, tishu ikatoka kavu. Chumbani kipima kilisoma 78. Leo asubuhi ndani ya kontena ni 47. 50mm inaenda kwa fundi Jumatatu. Begi liko kwenye kamba ya nguo, jirani kashauliza kama nimekojoa kitandani.