Mtoto wa miaka 5 anazubaa ghafla, EEG (kipimo cha umeme wa ubongo) imetoka safi

Swali: Wakuu, mtoto anakatika katikati ya sentensi, macho yanaganda kama sekunde 10, kope zinachezacheza, kisha anaendelea kana kwamba hakuna kitu. Kwa siku ni mara nyingi. Haanguki, hana homa. EEG ya dakika 20 haikuonyesha chochote. Tuombe nini sasa?

Jibu 1: EEG safi haifuti kifafa. Je, walimpulizisha? Kifafa cha kuzubaa hujitokeza mtoto akipumua kwa nguvu mfululizo dakika 3. Mpimaji hushika karatasi mbele ya mdomo, mtoto anaipuliza. Akizubaa hapo, mashine huchora mawimbi yenye ncha, takriban 3 kwa sekunde. Kama aliacha katikati akilia (hutokea sana), rudieni. Ombeni pia EEG ya usingizi.

Jibu 2: Mrekodini kwa simu, uso na mikono vionekane. Mguse bega: anayewaza tu hushtuka. Kuzubaa kukizidi nusu dakika, akawa anatafunatafuna au kuchezea nguo, kisha akazinduka amechanganyikiwa, huenda kifafa kinaanzia sehemu moja ya ubongo. Hapo MRI (picha ya ubongo) ina maana.

Jibu 3: Karbamazepini (dawa ya kifafa) isianzishwe kabla aina ya kifafa haijajulikana, huweza kuzidisha kuzubaa. Dawa ya kwanza ni ethosuksimidi. Isipopatikana, daktari huangalia valproeti. Ilianza kabla ya miaka 4? Huzidi akiwa na njaa? Mwambieni daktari wa neva alinganishe sukari ya maji ya uti wa mgongo na ya damu, kuona kama sukari inafika vizuri kwenye ubongo. Na kwa sasa asioge wala kuogelea bila mtu mzima.