Naombeni ushauri: nimeitwa kuendesha lori la maji kwenye ujenzi wa ukuta wa mpaka, Arizona

Mwana wa Mugumu:
Habari za muda huu wakuu. Mimi ni mzaliwa wa Mugumu, Serengeti, kwa sasa naishi Tucson na familia. Karatasi zangu ziko sawa na leseni ya malori makubwa ninayo. Hapa mjini nabeba kokoto, mshahara ni wa kubanabana. Juzi nimeitwa kazi ya lori la maji kwenye ukuta wa mpaka wa Marekani na Mexico, upande wa Bonde la San Rafael. Kazi yenyewe ni kumwagia maji barabara ili vumbi lisitimke, na kupeleka mengine kwenye mtambo wa zege. Pesa inakaribia mara mbili ya ninayopata sasa.

Siasa za wahamiaji naomba tuziache, huo mjadala ukianza hauishi leo. Kinachonikwaza ni wanyama. Nilikwenda kuangalia kipande kilichokwisha kujengwa karibu na Douglas, mji wa mpakani hapa Arizona. Ni mabomba ya mraba ya chuma yaliyojazwa zege, urefu wake kama mita 9, na kati ya bomba na bomba inapita ngumi moja tu. Kwenye mchanga chini yake kulikuwa na nyayo za kulungu. Zimeufuata ukuta kuelekea mashariki, zikarudi, zikaenda tena. Mimi nimekulia mahali ambapo nyumbu wanavuka kwenda Kenya na kurudi kila mwaka, na mpaka wenyewe ni vigingi tu majanini.

Mke wangu anasema watoto hawali nyayo za kulungu, na sina la kumjibu. Nichukue au niache? Nawasilisha.

Chuma Chakavu:
Chukua kazi mkuu. Usipoendesha wewe ataendesha mwingine, na ukuta utafika kule kule. Huyo kulungu hajawahi kukulipia kodi ya nyumba.

Mhitimu Mweka:
Chuma Chakavu hoja yako naielewa, lakini mleta uzi ametaja San Rafael, na hapo si mahali pa kawaida. Ni moja ya njia chache zilizobaki wazi kwa jagwa, yule paka mkubwa wa Amerika anayefanana na chui wetu. Huko Marekani wanaoonekana miaka hii ni madume tu. Jike la mwisho kujulikana Arizona lilipigwa risasi mwaka 1963. Majike na watoto wako Sonora, Mexico. Kwa hiyo kila jagwa anayepigwa picha Arizona ametoka kusini kwa miguu yake. Yupo mmoja aliyepewa jina la El Jefe, kamera zilimnasa milima ya Santa Rita, hapo kusini kwa Tucson, kuanzia 2012 hadi 2015, akapotea. Mwaka 2021 akapigwa picha Sonora, mzima kabisa. Alivuka mpaka kwa sababu alikuwa na pa kuvukia. Ukiziba, hata dume likifika upande wa Marekani litazeeka peke yake.

Na msidhani ndege wako salama kwa kuwa wana mabawa. Kuna bundi mdogo wa jangwa hilo, kimo chake hakifiki urefu wa rula ya shule, anaruka chini chini, wastani wa mita moja na nusu kutoka ardhini. Mita 9 kwake ni mlima. Ongezeni taa kali za usiku, ambazo zinavuruga wadudu na popo.

Jirani wa Narok:
Mwana wa Mugumu, ndugu yangu, hao nyumbu unaowasifia wakivuka huku kwetu wanakutana na nyaya. Serikali haijajenga ukuta wowote, tumejenga sisi wenyewe. Ranchi za pamoja ziligawanywa, kila mtu akapata hati yake, kila mtu akaweka waya. Nyumbu wetu wa nyanda za Loita, wale wasiotoka Serengeti, wamepungua vibaya mno na hizo nyaya ni sehemu ya sababu. Asubuhi unakuta ndama wa nyumbu amening'inia, mguu umeingia kati ya waya wa juu na wa pili ukajinyonga. Huwezi kuutoa bila koleo. Kwa hiyo nisikudanganye kwamba uovu uko Amerika peke yake. Hata hivyo, mimi ningekuwa wewe nisingeenda. Waya nitaukata kesho nikibadili mawazo. Hilo chuma lenu nani atalikata?

Mvuvi wa Maun:
Jirani amesema kweli, na huku Botswana tuna ushahidi wa zamani zaidi. Uzio wa Kuke ulijengwa miaka ya 1950 kuzuia ugonjwa wa miguu na midomo, ili nyama ya ng'ombe iuzike Ulaya. Nia ilikuwa njema kwa wafugaji. Ukame ulipokuja, nyumbu wa Kalahari wakafuata maji kama walivyozoea, wakagonga waya, wakaufuata waya. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 walikufa kwa makumi ya maelfu wakielekea Ziwa Xau. Wazee hapa bado wanaueleza uvundo wake. Jambo ambalo watu hawalielewi ni kwamba uzio unaweza kukaa miaka bila madhara ya kuonekana, watu wakasema mbona wanyama wapo tu. Ukija mwaka mmoja mbaya, ndipo hesabu inapofungwa.

Mwana wa Mugumu:
Asanteni sana wakuu. Aliyeniita kazini anasema wameacha vitundu vya wanyama chini ya ukuta, kwa hiyo nisiwe na wasiwasi. Hilo likoje?

Dada wa Jangwani:
Shikamoo wakubwa wote. Kaka, mimi niko Arizona kama wewe na huwa najitolea kukagua kamera za wanyama. Vitundu vipo, ila upana wake ni kama karatasi ya A4, na ni vichache, vimetawanyika mbali mbali. Koyoti, yule mbweha wa Amerika, anapita. Nguruwe mwitu wadogo wa huku wanapita, hata puma, paka mwingine mkubwa wa huku, amewahi kujibana akapita. Kulungu hapiti, dubu hapiti, bata mzinga wa porini wala hajaribu. Swala wa jangwa la Sonora ndiyo kabisa: ukame wa 2002 uliwabakiza kama 21 tu upande wa Marekani. Kundi dogo namna hiyo, likikosa damu mpya kutoka upande wa pili, linaanza kuzaana ndugu kwa ndugu.

Lakini kwa kuwa wewe umeitiwa lori la maji, tuongelee maji, maana wengi wanatazama chuma tu. Msingi ni zege, bomba zimejaa zege, na barabara ya ujenzi inamwagiwa maji siku nzima. Yote hayo jangwani. Mwaka 2020 karibu na Douglas walichimba visima jirani na hifadhi ya San Bernardino, yenye samaki wa mto Yaqui wasiobaki kwingi. Mabwawa yalishuka. Maji yaliyokuwa yakipanda yenyewe kwa msukumo wa chini yakaanza kuhitaji pampu. Na usitegemee sheria ikuzuilie: tangu 2005 waziri wa usalama wa ndani anaweza kuweka kando sheria za mazingira ili ukuta ujengwe, ikiwemo ile ya wanyama walio hatarini kutoweka, na amefanya hivyo mara nyingi.

Ushauri wangu: kabla hujasaini, waulize maji wanachota wapi. Wakikwambia wanaleta kutoka mjini ni jambo moja, wakikwambia kisima cha papo hapo ni jingine. Halafu jaribu migodi ya shaba, inaajiri madereva wa malori ya maji mwaka mzima na mkataba hauishi ukuta ukiisha. Hii kazi ya ukuta ni ya miezi.

Chuma Chakavu:
Kwa hiyo mgodi wa shaba hauna wanyama wala haunywi maji? 😂

Dada wa Jangwani:
Unakunywa, tena sana. Ila mnyama anaweza kuuzunguka mgodi.

Mwana wa Mugumu:
Mrejesho wakuu. Nimeuliza kama nilivyoshauriwa. Nimejibiwa ni kisima cha hapo hapo, na kwamba dereva anayeuliza visima huwa hadumu kazini. Nimeshukuru, nikakata simu. Nimepeleka maombi kwenye migodi miwili, mmoja umeshaniita kwa majaribio ya barabarani. Mshahara uko katikati, mke amenuna lakini amepika.

Jirani wa Narok:
Akipika amekubali hiyo. Hongera.

Chuma Chakavu:
Hongera mkuu, mimi nilikuwa nakupima tu. Sasa niambie, hiyo nafasi ya ukuta bado ipo? Nina shemeji yangu Phoenix ana leseni.