Naunga kompyuta ya gemu Chake Chake, orodha yangu ina kasoro wapi?

Kijana_wa_Chake
Asalaam alaykum wakubwa. Nipo Chake Chake, nafanya kazi steshenari, na jioni watu huniletea video za harusi niwakatie na kuwaungia. Laptop niliyo nayo ikifika dakika ya kumi feni inanguruma kama mashine ya kusaga. Gemu ndo siigusi kabisa. Baba kauza karafuu msimu huu akanambia "hizi zako, usije tena." Nna milioni 2 na laki 6. Monita ninayo, inchi 24, 1080p, Hz 75, kwa hiyo pesa yote ni ya kesi na vya ndani yake.

Nimekaa wiki nzima nikapanga hivi: prosesa Core i5-12400F, madabodi (ubao mkuu unaoshika vyote) ya B660 ile yenye D4 mwishoni mwa jina, RAM ya DDR5 GB 16 kijiti kimoja, kadi ya picha RTX 4060, SSD ya NVMe (diski ya kuhifadhia) TB 1, na kesi ya Kariakoo inayokuja na pawasaplai yake (kisanduku cha kugawa umeme) ya wati 600 bure. Ami yangu yuko Muscat, anarudi mwezi ujao, vitu vidogo atavibeba. Kesi nitaifuata Dar mwenyewe. Nimekosea pahala?

FundiMlandege
Wa alaykum salaam. Umekosea pahala pawili.

La kwanza dogo. Hiyo D4 uliyoiandika kwa mkono wako maana yake madabodi inakula RAM ya kizazi cha DDR4. DDR5 haiingii hata uibembeleze, pengo la kijiti chake limekatwa kwengine. Mwambie ami akuletee DDR4 ya mwendo wa 3200, vijiti viwili vya GB 8. Viwili, si kimoja, ili prosesa isome njia mbili kwa wakati mmoja. Kwenye gemu tofauti utaiona kwa macho. Ukishaunga, ingia BIOS (mipangilio ya madabodi yenyewe) uwashe XMP, ndiyo inayoipa RAM mwendo wake kamili, la sivyo vitakwenda mwendo wa chini kuliko uliolipia.

La pili ndilo linaloniudhi. Pawasaplai ya bure! Yakhe, unaweka mali ya milioni mbili halafu unaitegemeza kwa kitu ambacho muuzaji mwenyewe hakukitilia bei? Ukifika dukani igeuze usome karatasi ya ubavuni. Tafuta mstari wa volti 12, ndio unaolisha prosesa na kadi. Zidisha ampea kwa 12. Mimi niliwahi kushika moja imeandikwa "600W" kwa herufi nyekundu kubwa, mstari wa 12 una ampea 25. Hizo ni wati 300. Zilizobaki zilikuwa za kupamba boksi tu. Na ilikuwa nyepesi, naibeba kwa kidole.

Nunua kesi tupu. Pawasaplai ya wati 550, jina linalojulikana, yenye alama ya 80 Plus Bronze (imepimwa kwamba haipotezi umeme mwingi), uagize huko huko Muscat. Umeme wao na plagi zao za miguu mitatu ni kama zetu, utachomeka tu.

Mkunazini_87
Mie ningekuwa na pesa hiyo ningenunua Dell OptiPlex iliyotumika ofisini, nikatia kadi, nikabaki na chenji ya kwendea Unguja Idd.

FundiMlandege
@Mkunazini_87 Kwa mtu mwenye laki nane nitamwambia hivyo hivyo. Lakini OptiPlex nyingi zina pawasaplai ndogo ya umbo lao wenyewe, haina hata waya wa kulisha kadi kubwa. Hapo unabaki na kadi kama GTX 1650 isiyo na plagi, inayoishi kwa zile wati 75 za kwenye tundu la madabodi. Kijana ana zaidi ya hapo, mwache aunge.

Bi_Mhariri
Mdogo wangu, mie nahariri harusi Unguja mwaka wa sita sasa. Swali moja tu: wapigaji wako wanapiga 1080p au 4K?

Kijana_wa_Chake
Dada, siku hizi wengi 4K. Hata wa simu.

Bi_Mhariri
Basi itizame tena RTX 4060. Ni kadi nzuri, ila kumbukumbu yake yenyewe ni GB 8. RTX 3060 ni ya 2021, kwenye gemu inaachwa nyuma kidogo, lakini ina GB 12. Ukiweka 4K, rangi, maandishi na kusafisha picha ya ukumbini usiku, GB 8 zinajaa na programu inakukatalia katikati ya kazi, bibi harusi anakupigia simu kila saa. Kwa monita yako ya Hz 75 hizo fremu za ziada za 4060 huzioni, skrini haionyeshi zaidi ya picha 75 kwa sekunde.

Tahadhari: mwishoni mwa 2022 ilitoka 3060 nyengine ya GB 8, jina lile lile. Njia yake ya kumbukumbu ni biti 128, ya GB 12 ni 192. Mwambie ami asome boksi, asisome bei.

FundiMlandege
Hapa mimi na dada hatukubaliani. 4060 inakula wati 115, 3060 inakula 170. Kwa chumba cha bati kipindi cha kaskazi, hizo wati 55 utazisikia mgongoni. Na UPS, ile betri inayoshika umeme ukikatika, itazisikia kabla yako.

Bi_Mhariri
Feni ya dirishani bei rahisi kuliko kupoteza mteja, fundi wangu.

Kijana_wa_Chake
UPS? Mbona hakuna aliyeniambia habari ya UPS?

Nahodha_Mkoani
Kwa sababu hukuuliza, hahaha. Kaka, waya wa chini ya bahari kutoka Tanga umefika Pemba tangu 2010 na sie tunashukuru, lakini umeme ukikatika ukarudi, ule wa kurudi ndio unaoua vitu. Mimi umeniulia televisheni. Usinunue UPS kwa kutizama VA peke yake, ile namba kubwa ya kwenye boksi, tizama wati. Za VA 650 nyingi hutoa wati 360 tu. Prosesa yako ikikimbia inafika 117, kadi 170, ongeza feni, SSD na monita, umeshagusa ukingo. Chukua ya VA 1000. Dakika tano zinatosha kuhifadhi kazi na kuzima kwa adabu, usiendelee kucheza gizani.

Halafu bahari. Hewa yetu ina chumvi. Usiiweke chini sakafuni wala mkabala na dirisha la upepo, na usiifungie miezi bila kuiwasha.

Mkunazini_87
Na kadi iliyotumika je? Kuna jamaa Dar anazo za bei poa sana.

FundiMlandege
Nyingi zilifanya kazi ya kuchimba Ethereum, sarafu ya mtandaoni, usiku na mchana mpaka Septemba 2022 uchimbaji wake ulipokufa, wenyewe wakazimwaga sokoni. Si zote mbovu. Lakini usilipe kabla hujaiona ikicheza gemu nusu saa na programu ya GPU-Z, inayokusomea kadi ni ya aina gani, imefunguliwa. Kuna RX 580 zinauzwa ambazo ndani ni ile ya viini 2048, ndugu wa RX 570 aliyevaa kanzu ya kaka yake. Kwa kijana huyu mwenye ami Muscat, anunue mpya na risiti.

Jengine, hiyo F mwishoni mwa 12400F maana yake prosesa haina picha yake yenyewe. Tundu la HDMI la madabodi litakuwa pambo. Waya wa monita unachomekwa kwenye kadi. Nakwambia mapema kwa sababu kila mwezi napigiwa simu ya hilo.

Kijana_wa_Chake
Nimeelewa, wakubwa. Nachukua 3060 ya GB 12, harusi ndizo zinazonilisha. DDR4 vijiti viwili, pawasaplai ya 550 Bronze, kesi tupu yenye feni mbili mbele na moja nyuma, UPS ya VA 1000. SSD naishusha iwe GB 500 kwanza, pesa imekwenda kwenye UPS.

Nahodha_Mkoani
Ukiunga Unguja, ing'oe kadi kabla ya kupanda boti. Ni nzito, na mawimbi ya Mkondo wa Pemba hayana heshima na tundu la madabodi.

Kijana_wa_Chake (wiki saba baadaye)
Ami kafika, vyote salama. Nimeunga nyumbani jana baada ya isha, mdogo wangu kashika tochi. Feni zote zinazunguka, taa zinawaka, lakini monita inasema hakuna picha. Nimetoa RAM nimerudisha mara nne. Nimelia kidogo. Fundi, madabodi imekufa?

FundiMlandege
Yakhe. Waya wa monita umechomeka wapi?

Kijana_wa_Chake
Subiri.

Kijana_wa_Chake
Imewaka. Naomba mtu asinukuu lolote.

Bi_Mhariri
Hahaha! XMP washa kabla hujalala.